Kopo la Makka

Meju wangu,

Salamu za makaburini nimekutolea juzi Ijumaa pale Msambweni, pamoja na wote mliolala hapo, kama inavyopasa. Hizi ni salamu nyingine, za nyumbani, za mume kwa mkewe, ambazo siwezi kuzitoa mbele ya watu. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, isipokuwa nimekonda, na suruali za kazini nazifunga kwa pini. Ungeniona ungecheka kwanza, halafu ungeniuliza nimekula nini.

Nimekula mkate na chai ya strungi. Bora niseme kweli tangu mwanzo.

Leo sina zamu. Nimekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, upande ule uliokuwa ukikaa wewe kwa sababu ya upepo wa dirishani. Naandika kwa sababu kuna jambo la safari yetu na sina wa kumweleza. Watu wapo, Ukunda hii haina uhaba wa watu, lakini kila ninayemweleza huanza kunishauri kabla sijafika katikati. Wewe ulikuwa unasikiliza mpaka mwisho, ndipo unakataa.

Nianzie pale ulipoachia. Siku ile kichwa kilipokushika ulisema ni moshi wa mafuta. Ukajifunga leso kichwani, ukaendelea kukaanga mahamri yako. Kufika adhuhuri ulikuwa hunijui. Daktari alisema mshipa umepasuka kichwani na kwamba hata tungewahi vipi isingesaidia. Nimeamua kumwamini, maana nisipomwamini silali. Kesho yake tukakuzika kwenu.

Siku ya tatu tanga likaanuliwa. Mikeka ikakunjwa, sufuria zikarudishwa kwa wenyewe, na wazee wakanishika mkono mmoja baada ya mwingine. "Shukuru Mungu, mwanangu. Rudi kazini." Kumbe ndiyo basi! Ningekufa mimi, Meju, ungekaa eda miezi minne na siku kumi. Ungekaa ndani, nguo zisizo na pambo, wanawake wakija kushinda nawe, na yeyote ambaye angekuona angejua kwamba umefiwa. Mwanamume hana eda. Jumatatu nilikuwa nimesimama kwenye kaunta ya baa ya hoteli kule Galu, shati jeupe, tai ndogo, namuuliza mzungu kama anataka barafu au hataki. Hapakuwa na alama yoyote juu yangu. Sisemi sheria imekosea, astaghfirullah. Nasema tu kwamba nilikuonea wivu kwa kitu ambacho wewe mwenyewe hukukipata.

Wateja wako waliendelea kuja alfajiri, wiki nzima, na sahani zao zimefunikwa vitambaa. Wengine walikuwa hawajasikia. Ilibidi niwaambie mlangoni, nikiwa sijanawa uso, mmoja mmoja. Mwisho nikawa naamka mapema na kukaa kimya ndani mpaka wachoke kugonga.

Sasa lile jambo.

Unakumbuka mwezi wa kwanza wa ndoa yetu? Nilikuja na mshahara na bakhshishi zangu, nikazimwaga kwenye mkeka huuhuu, najiona mwanamume. Ukazitazama bila kuzigusa. Ulikuwa unajua tangu posa kwamba umepata mume anayewamiminia watu pombe, na hukuwahi kunitia haya kwa hilo mbele ya mtu. Lakini siku hiyo ulisema, "Hizi zilipe kodi, stima na maji. Zangu za mahamri ni za Makka. Mimi siendi kwa Mwenyezi Mungu na pesa inayonuka bia." Nikainusa noti moja, nikakwambia hii inanuka mafuta ya kujipaka ya wazungu tu. Ulicheka hadi ukalala chali. Hata hivyo hukubadilisha neno.

Ndipo yakaja makopo mawili ya maziwa ya unga. La nyumba lilikuwa wazi, kila mtu anachovya. La Makka ulilitoboa tundu juu, ukalifunga plasta pande zote kama mtu aliyevunjika mguu. Kila Ijumaa ulikuwa unalitikisa sikioni na kunitangazia tumefika wapi. "Leo tumefika Malindi." Wiki mbaya ulisema, "Bado tuko palepale Lamu, mvua imetuzuia." Kopo likijaa, unalipeleka kwa wakala wa safari za Umra hapa mjini, anapokea kidogo kidogo na kuandika jina lako, kwa kuwa mimi kazini sikupata nafasi ya kwenda. Siku kodi ilipotushinda nilikuomba tukope kidogo humo. Ukasema tutakula mahamri ya jana. Tukala mahamri ya jana siku nyingi sana, Meju, na sikumbuki kama niliwahi kula vizuri zaidi.

Na mimi nikaamini kwamba tunakwenda pamoja. Kopo langu linalipa kodi, kopo lako linalipa safari, jumla ni yetu. Ndivyo tulivyokuwa tukisema, yetu.

Baada ya mazishi wakala alinipigia simu. Alinipa pole, kisha akasema pesa ziko kwa jina la marehemu, kwa hiyo warithi waonane kwanza. Nilidhani ni utaratibu tu. Tukakutana kwenu Msambweni, mimi, kaka yako Rashidi na ustadh. Mama yako alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Rashidi ndiye aliyelianzisha. Hakulisema kwa ubaya, alikuwa akitazama chini. Alisema, "Pesa za Makka ni za dada. Mwenyewe alikuwa akisema, za shemeji zina bia."

Niliwaka. Nikauliza kodi ya chumba alilipa nani, na hayo mahamri yalikaangwa kwa gesi ya nani. Nilipaza sauti nyumbani kwa wakwe, jambo ambalo hata wewe hungeamini. Ustadh akaniacha nimalize, kisha akauliza taratibu, "Katika kopo lile, wewe mkono wako uliweka kiasi gani?"

Nikafungua kinywa. Sikuweka hata senti. Ulikuwa umenikataza na mimi nikatii.

Ustadh akatikisa kichwa, akasema, "Nyinyi watoto mlijitungia fiqhi yenu. Pesa isiyofaa kwa Makka, kwa ugali itafaa vipi?" Halafu akaeleza. Chumo la mke ni lake, kumtunza ni wajibu wa mume. Pesa zile zilikuwa zako peke yako, na sasa ni mirathi. Nusu yangu, kwa kuwa hatukupata mtoto. Theluthi ya mama yako. Kilichobaki ni cha kaka yako.

Sikulilia mali, wallahi. Kilichoniuma ni kwamba miaka yote nilijiona nimeibeba safari hii nusu kwa nusu na wewe, kumbe kwa sheria mimi nilikuwa msindikizaji. Nilirudi hapa, nikalichukua kopo la Makka, nikaliweka juu ya kabati nyuma ya mablanketi nisilione.

Rashidi alichukua fungu lake wiki ileile, akalipia pikipiki malipo ya kwanza. Ana mke, ana watoto wadogo, ni haki yake. Nimemsamehe. Nikimwona anapita nayo naangalia pembeni, lakini nimemsamehe.

Nusu yangu haikutosha kupeleka hata mtu mmoja. Nikamwambia wakala aiache hapohapo. Baba akapiga simu kutoka kwetu Kinango, akaniambia amepata habari, na kwamba pesa hiyo akiongeza na ng'ombe wawili nitapata mke mwingine bila taabu, kuna binti wa jirani yake amesoma. Nilimjibu kwa adabu, halafu nikazima simu mpaka siku ya pili.

Kisha mama yako.

Unajua tulivyokuwa mimi naye. Ukwe wetu si mchezo. Sijawahi kula naye sahani moja, sijawahi kumtazama usoni sawasawa, na maneno yetu yote yalipitia kwako. Ulikuwa unatoka ndani unasema, "Mama anakuuliza Kinango mvua imenyesha?" Mimi nakujibu wewe, nawe unarudi ndani kumwambia, na yeye amesikia kila kitu kwa sababu pazia si ukuta. Tulikuwa tunakuchosha, najua. Ulipokufa, njia ya maneno ikafungwa. Kila Ijumaa nikitoka makaburini napita kwake, nakaa barazani. Yeye anakohoa ndani nijue yupo. Nasema shikamoo mama, anasema marahaba. Basi. Mke wa Rashidi analeta chai, kikombe kimoja nje, kimoja ndani, na tunakunywa kila mtu upande wake wa pazia, kila mmoja akimsikia mwenzake anavyofyonza. Nikimaliza naaga. Nilikuwa naingoja Ijumaa hiyo wiki nzima.

Ijumaa moja akaniita jina. "Bakari." Nilishtuka nikamwaga chai. Akasema, "Fungu langu sitaki kununulia mbuzi. Ustadh ananiambia mkwe ni maharimu wangu mpaka nife, hata binti akiwa hayupo. Ni kweli?"

Nikajibu ni kweli, mama, ingawa sikuwa na hakika. Nikaenda moja kwa moja msikitini kuuliza. Ustadh akaniambia naam, ukwe huo haukatiki, kifo hakiugusi, unaruhusiwa kumsafirisha kama unavyomsafirisha mama aliyekuzaa. Nikatoka nikakaa ngazini, na hapo ndipo nilipokulilia. Mazikoni sikulia, unisamehe. Kila mtu alikuwa ananiambia sasa uko huru, wewe bado kijana. Hapakuwa na aliyeniambia kuna kitu kati yangu na wewe ambacho bado kimesimama. Mimi bado ni mkwe wa mama yako, Meju. Sheria yenyewe inasema.

Basi tukaunganisha, nusu yangu na theluthi yake. Zilipungua bado, na mama akatoa sharti lake kupitia pazia: kitakachoongezwa kiwe safi. Wewe ulichukua kwake ubishi huo, sasa nimeamini.

Nikamwendea meneja kumwomba anitoe baa. Yule bwana wa bara, unamjua, anayependa kushika kiuno. "Bakari, uko sure? Utapoteza tips zote, boss." Nikamwambia niko sure. Sasa niko udobini, nyuma kabisa, na mashuka. Mshahara umeshuka na bakhshishi hakuna, maana hakuna mgeni anayekuja kushukuru shuka. Ila narudi nyumbani nikinuka sabuni, na hapo najua ungefurahi.

Na nimeanza kukaanga mahamri. Usicheke. Nimetumia karai lako na mwiko wako. Siku ya kwanza yule mzee wa duka la vyuma aligonga moja mezani, akaniuliza, "Haya ni ya kula au ya kujengea?" Iliki nilitia nyingi, tui nilitia jepesi, na mafuta yalinirukia mkono wote wa kulia. Hamira yako sikujua unaiacha ikae muda gani, kwa sababu ulikuwa unaitazama tu na kusema tayari. Nilijuta kwamba sikuwahi kukuuliza. Nililala pembeni yako miaka yote hiyo nikisikia harufu ya unga, nikageuka upande wa pili.

Sasa yanalika. Wiki iliyopita yule dada wa saluni alikula moja palepale, akatafuna, akafikiri, akasema, "Yanakaribia." Nilimshukuru, nikaingia ndani, nikakaa kitandani mpaka wateja wakaanza kuita.

Kopo ni moja siku hizi. Hakuna tena la nyumba na la Makka, pesa zote ni za aina moja, na kwa mara ya kwanza ugali wangu hauna maswali. Nimechelewa kufanya hivyo.

Pesa zilipokaribia kutimia ukaja mtihani mwingine. Ustadh alitueleza kwamba kila mmoja wetu atatimiza Umra yake kwanza. Baada ya hapo, mmoja ataweza kukufanyia yako. Mmoja tu. Mimi sikuwa na swali ni nani. Niliacha baa kwa ajili hiyo, niliungua mkono kwa ajili hiyo. Usiku na mchana, nikikunja mashuka ya watu, nilikuwa nakariri nia: natia nia ya Umra kwa ajili ya mke wangu.

Ijumaa iliyofuata mama akasema nyuma ya pazia, "Magoti yangu mabovu, lakini nataka nimfanyie mimi."

Nikaweka kikombe chini. Chai ilipoa. Nilitaka kumwambia mimi ndiye mume, na hilo lilikuwa limefika mdomoni. Akaendelea, sauti yake ilikuwa ya kawaida tu, kama anayezungumzia chumvi. "Wewe utaoa, Bakari. Haya ndiyo ya dunia, sikulaumu. Mungu atakupa watu wengine wa kuwaombea. Mimi nilizaa msichana mmoja."

Nilikasirika kwamba amesema nitaoa. Nilikasirika zaidi kwamba hakusema uongo kuhusu hilo la msichana mmoja. Nikakaa pale mpaka adhana ya alasiri, naye akakaa, na hakuna aliyemkoholea mwenzake. Mwisho nikasema, "Haya, mama." Akashusha pumzi. Tutakodi kiti cha magurudumu, nami nitamsukuma. Nia itakuwa yake. Mimi nitakuwa miguu.

Ungeniuliza, sasa shida iko wapi, Beka? Safari ipo, pesa zipo, mama amefurahi. Nakuandikia kwa sababu ya shida yenyewe, na sijamwambia yeyote.

Wakala alipiga simu kusema kuna nafasi katika kundi linaloondoka karibuni. Nikamwambia atuweke kundi la baadaye, pasipoti ya mama haijatoka. Ilikuwa imetoka, ilikuwa mfukoni mwangu. Nikakata simu nikajitazama, nikajiuliza wewe una wazimu?

Nikaja kujua ni nini. Kila kitu tulikiweka nyuma ya Makka. Unakumbuka? Baada ya Makka tutanunua kiwanja. Baada ya Makka tutaenda kwa daktari kuulizia habari ya mtoto. Baada ya Makka nitaacha hoteli nifungue kiduka changu. Hata kitanda kibovu hiki, baada ya Makka. Ilikuwa inatutosha kusema hivyo, tunalala. Sasa nikichungulia huko nyuma ya Makka naona niko peke yangu tu. Hii safari ndiyo kitu cha mwisho ambacho wewe na mimi tulikubaliana. Maadamu hatujaenda, bado nina jambo la kufanya na wewe. Nikienda nikarudi, tumemaliza. Kwenda hakunitishi, Meju. Natishwa na kurudi.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Ijumaa, kabla sijaaga, mama akaniuliza ghafla, "Pasipoti yangu bado?" Wakala alikuwa amempigia Rashidi. Yule mama hakunikemea. Alisema tu, "Na mimi naogopa kurudi, mwanangu." Hakuwahi kuniita mwanangu. Ukweni hatuitani hivyo.

Jana nimekwenda kwa wakala na pasipoti zote mbili. Nimemwambia atuandike katika kundi hili.

Basi nakuaga, mke wangu, na ahadi yangu ni hii. Nitamsukuma mama yako taratibu, mzunguko kwa mzunguko, na akifika kwenye jina lako nitanyamaza ili alitaje peke yake. Nitamrudisha Msambweni salama mpaka mlangoni kwake. Kisha nitarudi hapa Ukunda, nianze hayo ya baada ya Makka. Sijui nitaanza na lipi, pengine kitanda. Na jambo moja sikuwahi kukwambia: mpaka leo, kila nikitoka kazini, nabisha hodi mlangoni petu, halafu nasimama kidogo. Majirani wanaona, hawasemi kitu. Nikirudi kutoka huko nitashusha mzigo wangu, nitafungua kwa ufunguo, niingie.

Mola akulaze mahali pema.

Mumeo,
Bakari